Kodi Italipwa na Riwaya?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina miaka 31, naishi Roysambu. Miaka 7 sasa nawaandikia wanafunzi wa vyuo vya Marekani insha zao. Mchana wao ndio usiku wetu, kwa hiyo nakesha. Tangu kompyuta zianze kujiandikia zenyewe oda zimepungua, na hata zingekuwa tele, moyo umeshatoka. Sina ukurasa hata mmoja wenye jina langu. Nataka kuandika riwaya ya Kiswahili. Mume wangu anauliza, kodi italipwa na riwaya? Nimekutumia kurasa tano. Niache kazi?
Mkeshaji, Roysambu

JIBU: Mkeshaji mwanangu, mumeo ameuliza la maana, acha nianze naye. Katika mikataba mingi niliyoiona, mrabaha wa mwandishi huwa karibu asilimia 10. Riwaya ikiuzwa shilingi 600, chako ni 60. Nakala 1,000 zikiisha kwa mwaka, umepata 60,000, yaani 5,000 kwa mwezi. Hapo Roysambu unajua mwenyewe 5,000 inakufikisha wapi. Na kuuza nakala 1,000 za riwaya isiyofundishwa shuleni si mchezo. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule. Usiache kazi. La mumeo limeisha.

Kilichonikosesha usingizi ni kurasa zako. Mbili za kwanza ni insha. Unatuambia mama yule ni maskini, unatoa sababu tatu, halafu unahitimisha kwamba ni maskini. Nilicheka, kisha nikajiona. Mimi nilitunga mitihani ya majaribio ya darasa la nane kwa miaka 11. (KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023, wala sikulia.) Hadithi yangu ya kwanza ilirudishwa na mhariri, ameandika pembeni kwa wino mwekundu: “Jibu sahihi ni lipi, A, B, C au D?” Nilimchukia mwaka mzima.

Sasa fungua ukurasa wako wa nne. Mama yuko soko la Gikomba, alfajiri, anafungua bale la mitumba. Anachomoa blauzi moja, anainusa, anaisukumiza chini ya kiti kabla wateja wa kamera, wale wanaochagua nguo bora kwanza, hawajafika. Basi. Hukutupa sababu hata moja. Nimeusoma ukurasa huo mara tatu, na mara ya tatu chai yangu ilipoa. Aliyeandika pale si yule anayelipwa kwa ukurasa na watu wasiomjua. Huyo wa pili amekuzoeza kueleza kila kitu mapema ili mhadhiri wa mbali asihangaike, na ndiye unayepaswa kumwacha. Ni kazi ngumu kuliko kuacha oda.

Kwa hiyo punguza usiku. Pokea oda usiku tatu kwa wiki, nyingine ulale kama watu. Zile asubuhi ambazo hukukesha, andika saa moja kwa kalamu, kwenye daftari, kabla hujafungua kompyuta. Kidole chako kikigusa kibodi kinajua njia moja tu. Kila unapokuta umeandika “kwa sababu”, kata, usome tena uone kama kuna kilichopungua. Na nenda Gikomba ukakae na wauzaji bila kununua kitu. Watakutukana kidogo; sikiliza matusi hayo vizuri, hayapatikani kwenye kamusi.

Mswada ukikamilika, kuna Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Usiandike kwa ajili yake lakini, maana hiyo nayo itageuka oda.

Mwambie mumeo nimemsalimu. Kisha nitumie sura ya pili. Nataka sana kujua ile blauzi ilikuwa ya nani, na nakuomba usiniambie upesi.