Mbona Pete Zangu za Vitunguu Hulegea?

SWALI: Shikamoo, Mhariri wa Mapishi. Nimenunua kikaangio cha hewa ili nipunguze mafuta, lakini kila ninapochovya pete za vitunguu katika rojo la unga na maziwa, rojo huchuruzika kikapuni na vitunguu hutoka vimelegea. Ninakosea wapi? — Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Marahaba. Tatizo ni rojo lenyewe. Katika karai, mafuta ya moto hulishika rojo papo hapo, ilhali kikaangio cha hewa hupuliza hewa tu, nalo hudondoka kabla ya kukauka.

Chagua vitunguu vikubwa, uvikate kwa unene wa sentimita 1, uondoe ule utando mwembamba wa ndani unaoteleza, kisha uzipanguse pete zikauke. Zipitishe kwenye unga mkavu, kwenye yai lililopigwa, halafu kwenye chenga za mkate ulizozichanganya na vijiko 2 vya mafuta. Mkate wa juzi, ukikaushwa na kusagwa, unafaa kabisa. Hapa nakusihi usiharakishe: bonyeza chenga kwa vidole mpaka kitunguu kisionekane popote, kwa kuwa palipo wazi ndipo mvuke hutokea na kulilowesha ganda.

Pasha kikaangio hadi nyuzi 200 za Selsiasi, panga pete safu moja bila kugusana, uzipike kwa dakika 10 hivi, ukizigeuza katikati. Ukizirundika, zitaiva kwa mvuke wake zenyewe. Uzile zingali moto. Zikifunikwa hulainika tena.