Mtoto kazaliwa nje, uraia wake tunauthibitishaje? Maswali yenu na majibu

Nimeyakusanya maswali yanayofanana, mengi ya wazazi waliojifungulia nje, na moja la kijana mkubwa anayejitafutia karatasi mwenyewe. Kabla sijaanza niseme hili: kwenye nchi nyingi uraia wa kurithi hupewi na ofisi, mtoto anazaliwa nao kwa sheria, ofisi inachotaka ni ushahidi tu. Na ushahidi wenyewe ni mambo matatu, kwamba huyu ni mtoto wako, kwamba wewe ni raia, na kwamba ulikuwa raia SIKU ILE anazaliwa. Hilo la tatu ndo watu wanalisahau.

Hospitali ilitupa karatasi yenye nyayo za watoto na muhuri, nikiipeleka ubalozini si inatosha? (Mama Mapacha)

Hongera sana mama, Mungu akukuzie, ila haitoshi. Hiyo ni karatasi ya hospitali, ubalozi unataka cheti cha kuzaliwa cha msajili wa serikali ya huko ulikojifungulia, na kila pacha na chake. Ukienda kuomba, omba kile kirefu chenye majina ya wazazi wote wawili, maana kuna nchi zinatoa pia cheti kifupi, Uingereza ni mojawapo, na kile kifupi hakimtaji mzazi yeyote, sasa utamwambiaje afisa kwamba mtoto ni wako kwa karatasi ambayo haijakutaja popote? Watu wanasafiri na kichanga mgongoni kutwa nzima halafu wanarudishwa dirishani kwa kitu hicho hicho, inaniuma kila nikisikia.

Kama cheti kiko kwa lugha ya huko kitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika, usitafsiri mwenyewe. Na uliza mapema kama wanataka apostili, ule uthibitisho wa Mkataba wa Hague wa 1961 kwamba karatasi ya serikali ya nje ni halali, ambao unafanya kazi pale nchi zote mbili zimo kwenye mkataba. Kama mojawapo haimo basi mara nyingi ni kupitia wizara ya mambo ya nje ya huko kwanza halafu ubalozi, na hapo panakula muda.

Raia ni mimi, mume wangu ni mgeni. Mawifi zangu wanasema mtoto anafuata baba, nisijisumbue. Ni kweli?

Dada yangu, mawifi wasikukatishe tamaa, wanasema sheria ya zamani. Tena hawakuitoa hewani, ilikuwepo kweli sehemu nyingi. Kenya kwa mfano, kabla ya katiba ya 2010 mtoto aliyezaliwa nje aliupata uraia kupitia baba, mama Mkenya alikuwa hawezi kumrithisha. Katiba mpya ilipoanza tarehe 27 Agosti 2010 ibara ya 14 ikasema baba AU mama, popote mtoto alipozaliwa, na ikawafikia hata waliozaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo kuna watu wazima kabisa ni Wakenya wa kuzaliwa kupitia mama zao na mpaka leo hawajui! Tanzania nayo, Sheria ya Uraia ya 1995 inasema baba au mama.

Lakini angalia ya kwako, usichukue ya jirani. Mkataba wa CEDAW wa 1979, ule wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ibara ya 9, unataka mama na baba wawe sawa kwenye uraia wa watoto, ila bado kuna nchi zaidi ya 20 duniani mama hana haki sawa na baba, Somalia na Kuwait zimo. Kama yako ni ya hivyo usikae kimya, pata haraka cheti cha kuzaliwa na uraia wa upande wa baba, usije ukaachia mtoto akabaki hana nchi yoyote, hilo ndo balaa kubwa kuliko yote.

Mimi mwenyewe nilizaliwa nje, uraia nimeurithi kwa baba. Sasa nimepata mtoto, naye kazaliwa nje. Anarithi kwangu?

Hapa taratibu ndugu yangu, maana hapa ndo mnyororo unapokatikaga. Nchi nyingi zinaweka kikomo, kizazi cha kwanza cha nje sawa, cha pili wanaanza kuuliza. Tanzania sheria iko wazi, mtoto wa nje anakuwa raia wa kurithi kama siku anazaliwa mzazi wake ni raia lakini mzazi huyo mwenyewe asiwe raia wa kurithi. Kwa hiyo kwa hali yako wewe ingekwama hapo. Uingereza karibu ni hivyo hivyo, aliyerithi kwa kawaida harithishi mtoto wa nje moja kwa moja, ila akiwa aliwahi kuishi Uingereza miaka 3 mfululizo kabla mtoto hajazaliwa anaweza kuomba mtoto aandikishwe kuwa raia, na maombi hayo ni kabla mtoto hajafika miaka 18.

Marekani wao hawahesabu vizazi, wanahesabu siku. Mzazi mmoja Mmarekani mwenzake mgeni na wameoana, mtoto kazaliwa kuanzia tarehe 14 Novemba 1986, yule Mmarekani lazima awe amekaa ndani ya Marekani jumla ya miaka 5 kabla ya mtoto kuzaliwa, na miwili kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Kukaa kwenyewe unathibitisha kwa rekodi za shule, kodi, mishahara, mihuri ya pasipoti za zamani. Pasipoti uliyonayo leo inaonyesha wewe ni raia, haionyeshi uliishi wapi, na wengi wanaenda na pasipoti peke yake halafu wanashangaa wanaombwa ripoti za shule za miaka ishirini iliyopita. Anza kuzitafuta sasa hivi, shule zinafungwa, rekodi zinapotea.

Mimi na mama mtoto hatujaoana, na kwenye cheti hakuna jina langu. Raia ni mimi. (Baba Mtarajiwa)

Anza na cheti, kaka. Kama sheria ya huko inaruhusu kuongeza jina la baba kwa makubaliano yenu wawili, nendeni pamoja mkafanye hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Ubalozi ukiwa na shaka unaweza kushauri DNA, na usikimbilie maabara yoyote tu, sampuli zinachukuliwa kwa utaratibu wao la sivyo majibu hayapokelewi. Ila DNA peke yake sio mwisho. Marekani inamtaka baba ambaye hajaoa, pamoja na uthibitisho wa damu, amkubali mtoto kisheria na aandike kwamba atamtunza mpaka miaka 18, na hayo mawili yawe yamefanyika kabla mtoto hajafika hiyo 18. Uingereza nayo watoto waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Julai 2006 kwa baba ambaye hajaoa hawakurithi moja kwa moja, ikabidi baadaye watengenezewe njia ya kujiandikisha. Yaani tarehe tu inabadilisha kila kitu.

Kwenye pasipoti yangu jina liko tofauti na cheti cha mtoto, herufi moja tu. Watajali?

Watajali. Faili la binti yangu mimi lilirudishwa kwa sababu ya "y" na "i", miezi ikapita. Kama kosa liko kwenye cheti cha mtoto lirekebishwe kwa msajili aliyekitoa. Kama ulibadili jina kwa ndoa weka cheti cha ndoa, kama ni majina mawili ya mtu mmoja apa hati ya kiapo mbele ya wakili. Mtoto akiwa bado tumboni ni rahisi zaidi, nakili jina lako kwenye karatasi kama lilivyo kwenye pasipoti umpe muuguzi, usimtamkie.

Nina miaka 23, wazazi hawakuniandikisha popote. Nimechelewa?

Mdogo wangu, inategemea nchi, ila usikate tamaa kabla hujauliza. Ripoti ya ubalozi ya kuzaliwa nje kwa Marekani inaombwa kabla ya miaka 18, hiyo imekupita, lakini kama ulizaliwa raia bado ni raia, unaomba pasipoti moja kwa moja au cheti cha uraia kwa fomu N-600, ushahidi ni ule ule. Kenya nayo uraia wa kuzaliwa haupotei kwa kuchelewa. Tanzania ndo uangalie sana, hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ukifika 18 unatakiwa uchague, kwa hiyo kabla hujajaza chochote mwone mwanasheria wa uraia. Na wazazi kama wapo hai kaa nao wiki hii, waulize vyeti vyao viko wapi, walipataje uraia na mwaka gani, piga picha kila karatasi, orijino usimwachie mtu yeyote.