Nyumba ya Malindi chini ya bei ya soko

SWALI: Nyumba ya kupangisha wageni Malindi inauzwa milioni 12. Naweza kutoa milioni 9.5 kwa masharti bila kujifunga?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waweza, ndugu msomaji. Wakili aandike barua ikisema wazi kuwa hakuna anayefungwa hadi mkataba utiwe saini. Masharti yawe haya: upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi uoneshe hatimiliki safi, saveya athibitishe vigingi vya mipaka, fundi akague nyumba. Hapo kwa fundi ndipo penye pesa. Chumvi ya bahari hula nondo hadi zege likapasuka, na makuti yaliyooza hubadilishwa paa zima. Makadirio ya fundi ya gharama za ukarabati, kwa maandishi, ndiyo yatakayoteremsha bei. Ubishi mtupu hauteremshi kitu. Kila sharti lipe muda, tuseme siku 21, maana lisilo na tarehe huzaa kesi.

Arubuni (malipo ya awali), kwa kawaida asilimia 10 ya bei, ishikwe na wakili hadi mauzo yakamilike. Ikishafika mkononi mwa muuzaji, kuirudisha ni kazi (na mara nyingi imeshaliwa). Ushuru wa stempu (kodi ya kuhamisha umiliki) mjini ni asilimia 4, nao hufuata thamani ya mthamini wa serikali, hata kama wewe umeuziwa rahisi.