Wasomaji Wanauliza: Kuwasaka Mababu wa Uskoti na Ayalandi

Babu wa babu yangu alikuwa Mskoti, James McDonald, aliyefia Glasgow miaka ya 1890. Nikitafuta cheti chake cha kuzaliwa napata akina James McDonald wasiohesabika. Nitamjuaje wangu?

Achana kwanza na cheti cha kuzaliwa, tafuta cha kifo. Usajili wa serikali Uskoti ulianza tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha huko hutaja mwenzi wa marehemu, jina na kazi ya baba yake, na jina la mama pamoja na jina la kwao kabla hajaolewa. Jina la kwao mama ndilo litakalowachuja hao James. Ukishalipata, nenda kwenye cheti cha ndoa, kwa sababu pale wazazi wa pande zote mbili wanatajwa tena. Majina yakilingana na ya cheti cha kifo, uko kwenye njia sahihi. Cha kuzaliwa kije mwisho.

Yote hayo yako kwenye tovuti rasmi ya ScotlandsPeople. Kupekua faharasa ni bure, unacholipia ni picha ya ukurasa: pointi 6, yaani pauni 1.50. Ndoa itafute kwa kujaza majina ya bwana na bibi kwa pamoja, utaokoa pointi nyingi. Andika McDonald, MacDonald na hata M'Donald, maana karani aliandika alivyosikia.

Angalia pia aliyetoa taarifa ya kifo. Mke au mtoto huwa anawajua wazazi wa marehemu. Jirani au mkwe hubahatisha, na hapo hata jina la mama huweza kuwa la kubuni. Na kama kuna yeyote katika ukoo aliyezaliwa, kuoa au kufa mwaka 1855 wenyewe, hata shangazi wa mbali, nunua ukurasa wake bila kusita. Mwaka ule fomu ilidai mambo mengi mno: cheti cha kuzaliwa kiliandika umri wa wazazi, walikozaliwa, lini na wapi walioana, na watoto wao wengine, walio hai na waliokufa. Makarani walilemewa, fomu ikapunguzwa mwaka uliofuata.

Cheti cha kuzaliwa cha bibi yangu Mskoti hakina jina la baba. Ndiyo mwisho wa safari?

Hapana. Tazama pambizo la ukurasa: kama mahakama iliamua baba ni nani, kutakuwa na maelezo yanayokupeleka kwenye rejesta ya masahihisho. Kama hakuna kitu, soma kumbukumbu za wazee wa kanisa wa parokia ile, zilizoko kwenye tovuti hiyohiyo. Wazee hao walimwita mama wa mtoto na kumbana amtaje mwanamume, na karani akaandika jibu. Kwa miaka ya kabla ya 1855 mara nyingi hii ndiyo njia pekee.

Nimeambiwa nyaraka zote za Ayalandi ziliteketea kwa moto mwaka 1922. Nijisumbue?

Jisumbue, kwa sababu hilo "zote" limetiwa chumvi. Moto wa Four Courts, jengo la mahakama la Dublin lililokuwa na hifadhi ya nyaraka, uliunguza karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wasia nyingi, na zaidi ya nusu ya rejesta za Kanisa la Ayalandi, la Kianglikana. Sensa za 1861 hadi 1891 wala hazikuungua: serikali yenyewe iliziharibu kabla ya hapo. Rejesta za Kikatoliki hazikuwemo katika jengo lile. Picha zake, nyingi zikifika 1880, zinatazamwa bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Zimeandikwa Kilatini mara nyingi, kwa hiyo James atakuwa Jacobus na William atakuwa Gulielmus.

Usajili wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza 1864 (ndoa zisizo za Kikatoliki, 1845), na picha za vyeti vya zamani ni bure kwenye irishgenealogy.ie. Usitarajie ukarimu wa Uskoti: cheti cha kifo cha Ayalandi hakitaji wazazi. Ndiyo maana huku silaha yako ni mahali. Tafuta jina la kitongoji, kipande kidogo kabisa cha ardhi, ambacho kwenye tovuti kimeandikwa townland. Bila hicho, Patrick Murphy wa Cork ni sindano baharini.

Ukikipata, fungua orodha ya kodi ya ardhi ya 1847 hadi 1864, inayoitwa ya Griffith kwa jina la aliyeisimamia. Inataja aliyeshika shamba na aliyemkodishia, si familia nzima. Kisha tafuta vitabu vya marekebisho vilivyoifuata. Humo jina la mpangaji limekatwa kwa wino wa rangi, la mrithi likaandikwa juu yake, na mwaka ukawekwa pembeni. Mwaka huo kwa kawaida huwa karibu na kifo au kuhama, basi anzia hapo kutafuta cheti.

Sensa ya Ayalandi ya 1901 inasema bibi mkuu alikuwa na miaka 55, ya 1911 inasema 71. Ni watu wawili?

Huenda ni huyohuyo. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na hakuna mzee wa umri huo aliyekuwa na cheti, kwani usajili ulikuwa haujaanza alipozaliwa. Wengi walijiongezea miaka. Waombaji walitafutiwa ushahidi katika sensa za 1841 na 1851, wakati huo zikiwa bado hazijaungua, na fomu za upekuzi huo zimebaki katika Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi, bure mtandaoni. Ya bibi yako ikiwepo, itakupa wazazi wake na kitongoji chao. Isipokuwepo, amini zaidi umri wa 1901, lakini 55 nayo yaweza kuwa makadirio: tafuta ubatizo wake miaka mitano mbele na mitano nyuma ya 1846.