Swali la lugha: Mtoto Fiadh na neno "fia"

SWALI: Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Dublin, na mwezi ujao natarajia mtoto wa kike. Mume wangu amechagua jina la kwao, Fiadh, linalotamkwa "Fia". Anasema ni la pekee. Nilipomtajia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Afie wapi tena?" Je, Kiswahili kinaturuhusu tuandike "Fia", au tuliache lilivyo?

JIBU: Liacheni lilivyo, dada. Jina la mtu husafiri na herufi zake. Lakini mama yako hakusikia vibaya.

"Fia" ni "fa" lililotiwa kauli ya kutendea. Mtu hufia vitani, hufia ugenini, hufia dini. Aliyebaki nyuma kafiwa. Na ulimi ukishapanda hasira hutoka "Kafie mbele!" Sasa mfikirie bibi amesimama mlangoni magharibi, mjukuu yuko uani na vumbi lake: "Fia! Fia wee! Fia, hunisikii?" Majirani watakuja kuamua ugomvi. Najua Waswahili tuna kina Tabu, Shida na Mashaka, ila majina hayo hukumbusha hali ya nyumbani siku mtoto alipozaliwa. Hayamwamuru mtoto kufa.

Kwa wenyewe, jina ni zuri. Fiadh ni tahajia ya zamani ya neno la Kiayalandi lenye maana ya kulungu, nalo lina harufu ya pori, ya kitu kisichofugwa. Katikati ya karne ya 20 tahajia yao ilipopunguzwa herufi zisizotamkwa, kulungu huyo akabaki fia, herufi kwa herufi kama kitenzi chetu. Ukitaka jina la pili la upande wako, fungua Zaburi ya 42: mnyama anayeionea shauku mito ya maji anaitwa ayala. Mtoto wa Ayalandi kuitwa Ayala, mimi ningelipenda.

La pekee? Hapo shemeji kanichekesha. Mwaka 2021 Fiadh ndilo lililoongoza majina ya watoto wa kike waliosajiliwa Ayalandi. La pekee litakuwa Tanga.

Tuje kwenye hiyo dh, maana ndiyo itakayowaokoa. Msomaji wa Kiswahili akiiona ataisoma kama ya dhahabu, na kwa kuwa ulimi wetu haupendi kuishia kwenye konsonanti, ataongeza irabu, kama tulivyofanya kwa Rashidi na Hafidhi. Jina lililoandikwa Fiadh litasomwa Fiadhi, na kifo kitakuwa kimeondoka chenyewe. Ndiyo maana sitaki muandike "Fia": mtaitupa herufi inayomkinga mtoto.

Mume wako akilalamika kwamba dh haitamkwi, mwambie zamani ilitamkwa. Katika Kiayalandi cha kale sauti ile ilikuwa hii hii ya dhahabu. Ilififia vinywani karne nyingi zilizopita, herufi zikabaki kama nyayo. Bibi wa Tanga ataitamka kama walivyoitamka mababu wa shemeji.

Kwa hiyo usimtajie tena mama jina hilo kwa simu. Mwandikie ujumbe, alisome kwa macho yake. Akijibu "Fiadhi hajambo?", msimsahihishe.