Wasomaji Wanauliza: «Mwalimu, sisi tumechoma mafuta gani?»

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari wilayani Kilwa. Tangu kimbunga Hidaya kilipotufikia Mei 2024, mafuriko yakakata barabara ya kwenda Dar es Salaam na sisi tukabaki tukisubiri malori ya bidhaa, somo la mabadiliko ya tabianchi limekuwa gumu kulifundisha. Zamani wanafunzi walinakili ubaoni wakakariri. Siku hizi wanahoji. Juzi msichana wa kidato cha tatu alisimama akaniuliza, «Mwalimu, sisi tumechoma mafuta gani?» Darasa zima lilicheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Sasa mkuu wa shule ameniagiza niandae siku ya mazingira yenye nyimbo, ngonjera na michoro ili vijana watiwe moyo. Nachelea kuwaimbisha huku bahari ikiendelea kula pwani. Je, sanaa inaweza kuleta tumaini la kweli, au tutakuwa tunajiliwaza tu?
Mwalimu, Kilwa

JIBU: Mwalimu, nakuomba kwanza umjibu msichana huyo, na umjibu mbele ya darasa lilelile lililocheka. Amesema kweli. Bara zima la Afrika, ambalo lina zaidi ya mtu mmoja katika kila watu sita wa dunia hii, hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka Afrika Kusini na nchi za kaskazini mwa bara, si Kilwa. Kijana akifichwa jambo hilo kisha akapewa ngoma acheze, atatambua mara moja kwamba watu wazima wanamzuga, na baada ya hapo hata ukweli mwingine utakaomwambia hataupokea.

Hofu yako kuhusu siku ya mazingira naielewa. Niliwahi kualikwa kuwa mwamuzi wa shindano la michoro la shule fulani, na karibu kila karatasi niliyopewa ilikuwa na dunia ya duara yenye macho mawili, inalia. Watoto walichora vizuri, lakini hakuna aliyechora mto unaopita nyuma ya shule yao, ambao mimi nilikuwa nimeuvuka asubuhi ile juu ya gogo kwa sababu daraja lilichukuliwa na maji. Michoro ile ilitundikwa, ikapigwa picha pamoja na mgeni rasmi, ikashushwa. Sanaa ya namna hiyo haimpi mtoto tumaini, kwa kuwa haimwonyeshi mahali pa kuweka mkono.

Linganisha na Gazi, kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, ikaacha sehemu za matope matupu. Watafiti wa taasisi ya taifa ya bahari na uvuvi ya Kenya walianza kujaribu kuirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakishirikiana na wanakijiji, na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, yapata tani 3,000 kwa mwaka (yaani mnunuzi hulipa ili miti itunzwe, naye hujihesabia hewa hiyo), kupitia mradi uitwao Mikoko Pamoja. Fedha zinazopatikana si za kutajirisha mtu, lakini matumizi yake huamuliwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao, nazo zimeleta maji ya bomba, vitabu na matengenezo ya shule. Nakiri kwamba biashara yenyewe inanikera kidogo, maana anayenunua anaweza kuendelea kutoa moshi kwake huku akijihesabia mikoko ya wenzake. Hata hivyo, mtoto wa Gazi akifungua bomba la shule anajua maji yale yametoka wapi, wala hahitaji hotuba.

Napenda uone pia mahali ulipo ubunifu katika habari hiyo. Kikundi cha wanawake wa Gazi kilijenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, wageni wakawa wanalipa kiingilio ili watembee juu yake na kuelezwa habari za miti, na mahali palipodharauliwa kwa tope na mbu pakawa mahali pa kujivunia. Hilo nalo ni sanaa, ingawa halina kibwagizo. Mwaka 2019 watu wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanzisha mradi kama huo katika eneo kubwa zaidi.

Basi Kilwa ufanye nini? Mikoko mnayo, na wazee wanaoijua kwa majina mnao. Wiki chache kabla ya siku yenyewe, watume wanafunzi kwa wavuvi, wakata boriti na wenye mashamba ya chumvi, wawaulize mikoko ilifika wapi walipokuwa vijana, ni ipi iliyopotea, na nani aliyeikata kwa shida gani. Kisha watunge ngonjera kutokana na majibu hayo. Kanuni yangu hapa ni moja: yule anayekata mikoko apewe beti zenye nguvu kama za mpinzani wake, kwa sababu naye ana watoto wa kulisha, na ngonjera ambayo upande mmoja unasema upuuzi hadi ushindwe haimshughulishi mtu yeyote. Iigizwe kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari wakiwapo, na imalizikie kwenye jambo la kuamuliwa hapohapo, kwa mfano kipande gani cha pwani kipumzishwe.

Mkiamua kupanda, msipande kwa ajili ya picha. Mikoko ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo mwoneni kwanza ofisa misitu. Halafu wasikilizeni wazee kuhusu mti upi unakaa wapi. Mkoko wenyewe hupandwa kwa urahisi mno: tunda lake huota likiwa bado mtini, likarefuka kama kalamu nene, nawe hulichomeka tu kwenye tope ncha ikiwa chini. Urahisi huo ndio umewaponza wengi. Wamechomeka maelfu ya mikoko upande wa mbele unaopigwa na mawimbi, ambako kwa kawaida husimama aina nyingine za miti ya mikoko, mlilana au mchu, na baada ya bamvua chache, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tope limebaki tupu. Wanafunzi waliopanda mia moja kwa utaratibu, wakaihesabu kila mwezi na kuandika iliyokufa, watakuwa na jambo la kutungia wimbo mwakani, hata kama imesalia sitini.

SWALI: Mama yangu analima mwani. Ule mnene wenye bei nzuri unakufa kila msimu wa joto, na wenzake wengi wamekata tamaa. Kikundi chao sasa kinatengeneza sabuni. Je, sabuni itapoza bahari?
Kijana, Jambiani

JIBU: Haitapoza, na sidhani kama kuna mwanakikundi anayedhani hivyo. Kilimo cha biashara cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989 huko kwenu na Paje, na wengi walioushika ni wanawake, ambao kwa mara ya kwanza walipata fedha isiyopitia mikononi mwa waume zao. Maji ya kina kifupi yakichemka, mwani mnene hushikwa na ugonjwa, ukawa mweupe na kukatika. Mtafiti Flower Msuya na wenzake wamekuwa wakijaribu kuupeleka kwenye maji marefu zaidi, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Njia hiyo inataka mashua, inataka kujua kuogelea, na ni vigumu mama mmoja mwenye vigingi na kamba zake kuimudu bila kikundi. Ndiyo sababu siidharau sabuni. Inaongeza thamani ya mwani mwembamba ambao bado unaota na ambao ukiuzwa mkavu hauna bei, na inawafanya wanawake wale waendelee kukutana, kuchanga na kukopeshana hadi watakapoweza kununua hiyo mashua.

Bamvua ijayo mfuate mama yako shambani, umwombe akuonyeshe mwani mnene ulianza kufa sehemu gani na mwezi gani, nawe uyaandike kwenye daftari la kikundi.