RFID, Bluetooth au UWB? Soma kabla hujanunua tagi za ghalani

Watu wakiniuliza teknolojia gani ni nzuri kufuatilia mzigo ghalani nami huwa nawauliza, unataka kujua mzigo umepita au unataka kujua uko wapi sasa hivi? Wengi wanachanganya hayo mawili halafu wananunua mfumo wa bei mbaya kumbe shida yao ilikuwa mlangoni tu.

Kama shida ni kupokea na kutoa, chukua RFID (tagi zinazosomwa kwa mawimbi ya redio) ya UHF, yaani ya masafa ya juu, isiyo na betri. Tagi ni stika tu, inasomwa mita kadhaa, na paleti nzima unaisoma kwa mpigo badala ya kupiga skana boksi moja moja. Ila jamani maji na chuma! Maji yanafyonza mawimbi, chuma kinayarudisha, kwahiyo tagi iliyozama katikati ya katoni za vinywaji inaweza isisomwe kabisa, na kwenye chuma lazima utumie tagi zake maalum.

Kilichotusumbua sisi zaidi ni kwamba paleti imeegeshwa tu pembeni ya mlango, haiendi popote, antena inaidaka na mfumo unaandika imetoka, jioni stoku ya kwenye kompyuta na ya kwenye rafu haziongei kabisa. Dawa sio rida (kifaa cha kusoma tagi) kubwa zaidi, ingawa muuzaji atakwambia ndiyo dawa, punguza nguvu ya antena, zigeuzie kwenye njia, halafu weka sensa ya mwanga ili rida isome pale tu folklifti inapokatiza.

Bluetooth iwekee vitu vinavyozunguka, toroli, kreti za kurudi. Inakisia kitu kiko wapi kwa nguvu ya ishara ya tagi, itakosea mita chache, na betri inategemea umeiambia ipige ishara kila baada ya muda gani, sasa kreti imelala wiki nzima ya nini kupiga kila sekunde?

UWB (redio ya mkanda mpana sana) ndio kiboko ya usahihi, inapima muda wa mawimbi kusafiri, inakosea sentimita 10 mpaka 30 hivi tu, ila gharama ya kufunga vipokezi ghala zima utaisikia. Mimi ningeifunga kwenye folklifti tu pamoja na rida ya RFID, rida inajua imebeba paleti gani, UWB inajua imeshushwa wapi, basi, paleti zenyewe zinabaki na stika.

Na majaribio fanya rafu zikiwa zimejaa mzigo, zikiwa tupu kila tagi inasomeka vizuri.